Watoto Waliobuni Lugha Wakakwama Kwenye Kuhesabu

Ijumaa moja baada ya sala tulialikwa chakula cha mchana nyumbani kwa jamaa zetu hapa Muscat. Ni nyumba inayofanana na nyingi za Waomani waliotoka Zanzibar. Bibi wa nyumba, aliyezaliwa Wete, Pemba, huzungumza Kiswahili. Watoto wake huchanganya Kiswahili na Kiarabu. Wajukuu hufahamu Kiswahili lakini hujibu kwa Kiarabu, na wakishika simu huhamia Kiingereza.

"Wajukuu zangu naelewana nao nusu nusu," Bibi alitwambia. "Nikiwatuma kitu jikoni wanaleta. Nikiwahadithia hadithi, naona macho tu yananitazama."

Siku ile alikuwa na lalamiko jipya. Wajukuu wake wawili, mvulana wa miaka 11 na dada yake wa miaka 9, walikuwa wameanza kubuni lugha yao wenyewe ili wakubwa wasiwafahamu. Walikuwa na daftari la skuli lililojaa maneno, na jina la mvulana limeandikwa juu kwa kalamu nyekundu kama mwenye mali.

"Lugha tatu zilizomo ndani ya nyumba hii hazikuwatosha," alisema Bibi. "Sasa wameunda ya nne ya kunificha mimi."

Wazazi wao walicheka, lakini Bibi hakucheka. Sisi tuliomba tuonyeshwe lile daftari.

Kinyume cha zamani

Wasomaji wetu waliokulia mwambao watakumbuka kwamba kuficha maneno si mchezo mgeni. Watoto wa pwani wana kinyume, ambapo silabi za neno hupinduliwa na ya mwisho ikaja mbele. Nyumba inakuwa "mbanyu", mbili inakuwa "limbi", tatu inakuwa "tuta" na saba inakuwa "basa". Mwenye kukizoea husema haraka kiasi kwamba mgeni hushika neno moja moja tu. Bibi mwenyewe alikiri kwamba alikuwa bingwa wa kinyume, na kwamba alikitumia kumficha mama yake.

Lakini kinyume ni Kiswahili kilichogeuzwa nguo nje ndani. Kwenye kuhesabu, mtoto hana la kuamua, kwa kuwa tatu ipo tayari na kazi yake ni kuipindua. Wajukuu hawa walikuwa wakifanya jambo jingine. Walikuwa wakianza na karatasi nyeupe, na karatasi nyeupe humlazimisha mtu kuamua mambo ambayo lugha ya mama humpa bure.

Daftari lilikuwa na neno la maji, la wali, la mwalimu, la kukimbia na la kulala. Kurasa mbili ziliachwa wazi. Moja iliandikwa juu yake "nambari", na ya pili "kubwa kuliko".

"Hapo ndipo tulipokwama," alisema yule msichana kwa Kiarabu. Kaka yake akamkatiza: "Mimi sikukwama. Nambari nimeshazimaliza, wewe ndiye hukuzipenda."

Tende za kuhesabiwa ukutani

Nambari za mvulana zilikuwa hizi: pim, tim, kim, lim, sim, nim, rim, zim, vim, chim. Moja mpaka kumi, zote za vina. Alizisoma kwa fahari, na kwa kweli zilipendeza masikioni kama wimbo.

Bibi aliweka sahani ya tende mbele yake akasema: "Haya, mmoja aende jikoni. Huyu wa hapa apige kelele idadi kwa lugha yenu, na yule alete tende hizo hizo."

Msichana alikwenda jikoni. Kaka yake akapiga kelele, "Kim!" Dada akarudi na tende mbili. Mara ya pili akaita, "Zim!" Dada akarudi na sita. Mara ya tatu alirudi mikono mitupu akasema hakusikia kitu ila "im".

Mvulana alikasirika. Alisema masikio ya dada yake ndiyo mabovu. Dada naye alisema hachezi tena. Daftari likafungwa kwa kishindo, na kwa dakika kadhaa ilionekana lugha ile imekufa kabla ya kufikia wiki mbili.

Kosa hilo limewahi kufanywa na mtu mzima, tena padri msomi wa Ujerumani. Johann Martin Schleyer alikuwa padri wa Kikatoliki kule Baden, na mwaka 1880 alichapisha lugha aliyoiita Volapük, maana yake "lugha ya dunia". Moja mpaka tisa kwa lugha yake ni bal, tel, kil, fol, lul, mäl, vel, jöl, zül. Msomaji ataona kwamba maneno yote tisa yanaishia na herufi ile ile. Yakiandikwa karatasini yanapendeza, lakini muuza samaki akiyatamka kwenye kelele za soko, mnunuzi atabahatisha.

Kwenye makumi Schleyer alifanya jambo la hatari zaidi. Alichukua nambari ndogo akaitia herufi moja tu ya wingi mwishoni. Moja ni bal, kumi ni bals. Mbili ni tel, ishirini ni tels. Hesabu yake ina mantiki, lakini mtu akimeza ile "s" ya mwisho, deni la kumi linakuwa moja. Mwaka 1931, miaka 19 baada ya Schleyer kufariki, Mholanzi Arie de Jong alipoirekebisha Volapük alilipa kumi neno lake lenyewe, deg, ambalo sikio haliwezi kulichanganya na bal.

Kanuni ya tatu na kanuni ya nne

Tuliwasimulia watoto habari ya mbunifu mwingine, ambaye kazi yake imedumu. Ludwik Zamenhof alizaliwa mwaka 1859 katika mji wa Bialystok, wakati huo ukiwa chini ya dola ya Urusi na leo uko Poland. Mji ule ulikuwa na Wayahudi, Wapoland, Warusi na Wajerumani, kila kundi na lugha yake na chuki zake. Zamenhof, Myahudi aliyekuja kuwa daktari wa macho, aliamini tangu utotoni kwamba watu wale wangepungukiwa na chuki kama wangekuwa na lugha moja isiyo ya mmoja wao.

Mwaka 1887, mjini Warsaw, alichapisha kitabu kidogo kwa jina la bandia la Daktari Esperanto, yaani "mwenye kutumaini". Ndani yake mlikuwa na kanuni 16 za sarufi na mizizi ya maneno ipatayo 900. Kanuni ya tatu ilihusu sifa na namna ya kulinganisha. Kanuni ya nne ilihusu nambari. Kwa hiyo kurasa mbili walizokwama wajukuu wa Bibi ndizo alizozishughulikia Zamenhof mapema kabisa.

Nambari za Kiesperanto ni unu, du, tri, kvar, kvin, ses, sep, ok, naŭ, dek. Mia ni cent na elfu ni mil. Kwa maneno hayo 12 tu mtu huhesabu kutoka moja mpaka 999,999. Siri iko kwenye mpangilio. Ndogo ikitangulia, huzidisha: dudek ni ishirini. Ndogo ikifuata, hujumlisha: dek du ni kumi na mbili. Mwaka 1887 wenyewe husomwa mil okcent okdek sep.

Tuliwaomba watoto wahesabu maneno ya Kiswahili yanayohitajika kwa kazi hiyo hiyo. Moja mpaka kumi ni maneno 10. Ishirini mpaka tisini ni mengine 8. Ongeza mia na elfu, jumla 20, na ukipenda kutumia laki ni 21. Kiingereza kinahitaji karibu 30, kwa sababu ya zile nambari zake za kumi na moja hadi kumi na tisa ambazo kila moja ina neno lake.

Hata hivyo Zamenhof naye hakuepuka kila shimo. Sita kwake ni ses na saba ni sep, maneno yanayotofautiana kwa herufi ya mwisho tu. Mvulana alipolisikia hilo alipata nafuu kidogo. Alifungua daftari.

Mbona nane hamkuichukua?

Hapo ndipo msichana alipouliza swali ambalo sisi wakubwa hatukuwahi kujiuliza, ingawa tumehesabu kwa Kiswahili maisha yetu yote. Alisema: "Bibi, sita na saba na tisa ni za skuli kwetu, za Kiarabu. Mbona nane hamkuichukua?"

Bibi alinyamaza, kisha akacheka kwa mara ya kwanza siku ile.

Mtoto alikuwa sahihi. Moja, mbili, tatu, nne, tano, nane na kumi ni za Kibantu. Sita, saba na tisa zimetoka Kiarabu. Kisha kuanzia ishirini mpaka tisini zote ni za Kiarabu, hata themanini, ingawa nane yenyewe imebaki ya Kibantu. Mia na elfu ni za Kiarabu, laki imetoka Bara Hindi, na milioni imetoka Ulaya. Ukisoma hesabu ndefu ya Kiswahili kwa sauti unapita bandari zote za Bahari ya Hindi.

Nambari za zamani hazikupotea zote. Tisa ilikuwa kenda, na wazee wengi bado wanaijua. Sita ilikuwa tandatu, neno ambalo wanaisimu wengi huona ndani yake tatu mbili, kama wanavyoona nne mbili ndani ya nane. Saba ilikuwa fungate au mfungate. Bibi aliposikia hapo alipiga paja.

"Fungate!" alisema. "Si ile ya harusi?"

Ndiyo hiyo. Siku saba ambazo bwana na bibi harusi hukaa ndani ni fungate kwa sababu ni saba. Neno lilifukuzwa kwenye hesabu likapata hifadhi kwenye harusi, na sisi tunalitumia kila siku bila kujua kwamba tunahesabu.

Wazee wa pwani walikuwa na hidashara kwa kumi na moja na thenashara kwa kumi na mbili, miteni kwa mia mbili na alfeni kwa elfu mbili. Wafanyabiashara walihesabu boriti kwa korija, yaani ishirini ishirini, na boriti hizo za mikoko kutoka Lamu na delta ya Rufiji zilisafirishwa kwa majahazi mpaka Ghuba, zikaezekea nyumba za huku. Kule mashariki ya Kongo wasemaji wengi wa Kiswahili husema makumi mbili badala ya ishirini, na hesabu yao inafahamika vizuri tu. Zamenhof alifikia njia hiyo hiyo kwa kupanga mezani.

Watoto walitaka kujua pia kuhusu siku za wiki. Jumamosi ni ya kwanza baada ya Ijumaa, Jumapili ya pili, mpaka Jumatano ya tano. Kisha inakuja Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu nayo maana yake ni ya tano, kwa sababu Waarabu wanaanza kuhesabu Jumapili. Kwa hiyo wiki ya Mswahili ina tano mbili zilizoongozana na haina sita. Mvulana alisema kwamba mtu aliyeibuni wiki hiyo angepewa sifuri na mwalimu wao. Bibi akamjibu: "Hakuibuni mtu mmoja, mwanangu. Ndiyo maana haijatushinda kuitumia."

Watu wanane, watu saba

Kuna uamuzi mwingine unaomsubiri kila mbunifu, nao ni kama nambari ibadilike kufuata kitu kinachohesabiwa. Kwa Kiswahili tunasema watu wawili, vitabu viwili, mayai mawili. Lakini sita, saba, tisa na kumi hazitikisiki. Tunasema watu wanane na vitabu vinane, kisha watu saba na vitabu saba. Nane ni mwenyeji, hivyo huvaa sare ya ngeli, na saba ni mgeni aliyesamehewa.

Kiarabu cha skuli kinawasumbua zaidi watoto hawa, kwa kuwa nambari hufuata uume na uke wa kitu, na kuanzia tatu mpaka kumi huufuata kinyumenyume. Zamenhof, katika kanuni yake ya nne, aliamua kwamba nambari za hesabu hazibadiliki kabisa. Sifa ndizo zinazofuata wingi: bona ni zuri, bonaj ni mazuri.

Watoto walipiga kura palepale. Nambari zisibadilike. Ilikuwa mara ya kwanza wanakubaliana tangu tulipofika.

Kubwa kuliko

Ukurasa wa pili ulikuwa mgumu zaidi. Mvulana alitaka njia ya Kiarabu, ambapo neno lenyewe hubadilika umbo: kabir ni kubwa na akbar ni kubwa zaidi, tawil ni refu na atwal ni refu zaidi. Msichana alitaka kitu kifupi cha kubandika mwishoni, kama Kiingereza kinavyofanya. Schleyer alichagua njia ya msichana: gudik ni zuri, gudikum ni zuri zaidi na gudikün ni zuri kuliko yote. Zamenhof hakugusa neno. Aliweka neno dogo mbele: pli bona ni bora zaidi, la plej bona ni bora kuliko yote, na ol hufanya kazi ya "kuliko". Hakuna sifa hata moja inayokwenda kombo, kama ilivyo kwa Kiingereza ambapo zuri, zuri zaidi na zuri kabisa ni maneno matatu yasiyofanana.

Kiswahili tayari kina unyofu huo. Sifa haiguswi kamwe. Tunaongeza zaidi, tunasema kuliko, au tunatumia kitendo: huyu ni mrefu kumshinda yule, huyu amempita kaka yake kwa urefu. Kutumia vitendo vya kushinda na kupita ni njia ya lugha nyingi za Afrika, na mtu akiitafakari ataona ni picha ya mbio, kwamba mmoja ametangulia na mwenzake yuko nyuma.

Tuliwapa na mfano wa mbali zaidi. Kiklingoni kilibuniwa na mwanaisimu wa Marekani Marc Okrand kwa ajili ya filamu ya Star Trek ya mwaka 1984, na kamusi yake ikatoka mwaka 1985. Kwa kuwa wasemaji wake ni viumbe wa sayari nyingine, Okrand alieleza kwamba hapo zamani walihesabu kwa tatu tatu kabla ya kuingia kwenye kumi. Kulinganisha kwao ni sentensi mbili zilizofungwa pamoja. Kusema nyumba hii ni kubwa kuliko ile, Mklingoni husema mfano wa: "nyumba hii ukubwa mwingi, nyumba ile ukubwa mchache."

Bibi aliona si ajabu hata kidogo. "Sisi tunasema cha mtoto," alisema. "Joto la Pemba cha mtoto mbele ya joto la Muscat. Si ndiyo hayo hayo?"

Ndiyo hayo hayo. Toki Pona nayo, lugha ndogo iliyobuniwa na Sonja Lang wa Kanada mwaka 2001 ikiwa na maneno yapatayo 120, hufanya vivyo hivyo: mimi mkubwa sana, wewe mkubwa kidogo. Lugha hiyo ilianza na moja, mbili na nyingi tu, kwa makusudi, kwa sababu mwenyewe alitaka mtu aseme machache. Baadaye neno luka, lenye maana ya mkono, likatumika pia kwa tano. Katika filamu ya Avatar ya mwaka 2009, Paul Frommer aliwapa Wanavi hesabu ya nane nane kwa sababu mikono yao ina vidole vinne vinne. Kwa hiyo kila mbunifu alijiuliza kwanza nani atakayeisema lugha yake, ndipo akahesabu.

Jambo jingine la Zamenhof lililowafurahisha watoto ni kipande mal-. Kwa Kiesperanto granda ni kubwa, na malgranda ni dogo. Bona ni zuri, malbona ni baya. Neno moja likijulikana, la pili linakuja bila kukaririwa. Mvulana alipitia daftari lake akafuta maneno 14, akabaki na kipande kimoja cha kutangulia. Dada yake ndiye aliyekichagua.

Lugha ni ya nani?

Lakini ugomvi haukwisha. Msichana alitaka zile nambari za vina ziondolewe zote. Kaka yake alikubali mbili tatu, tena kwa shingo upande, akasema: "Lugha ni yangu. Jina langu limeandikwa juu."

Hapo tulimaliza hadithi ya Schleyer. Volapük ilipata wafuasi wengi kwa muda mfupi na ikafanya makongamano matatu: mwaka 1884 Friedrichshafen, mwaka 1887 Munich na mwaka 1889 Paris. Wafuasi, wakiongozwa na Auguste Kerckhoffs, walitaka mabadiliko. Schleyer alishikilia kwamba yeye ndiye mwenye lugha na neno la mwisho ni lake. Wafuasi wakagawanyika, wengi wakaondoka, na baada ya miaka michache Volapük ikabaki na watu wachache.

Zamenhof alitangaza ndani ya kitabu chake cha kwanza kwamba haidai lugha hiyo kuwa mali yake. Mwaka 1894 yeye mwenyewe alipendekeza marekebisho. Yakapigiwa kura, walio wengi wakakataa, naye akakubali. Alishindwa katika lugha aliyoibuni mwenyewe, na lugha ikaendelea. Mwaka 1905 watu 688 walikutana Boulogne-sur-Mer, Ufaransa, katika kongamano la kwanza la dunia la Kiesperanto. Agosti 2024 kongamano hilo lilifanyika Arusha, Tanzania, kwa mara ya kwanza katika bara la Afrika.

Tumaini lake kubwa, kwamba lugha ingezima chuki, halikutimia. Zamenhof alifariki mwaka 1917, na watoto wake wote watatu waliuawa na Wanazi katika Vita vya Pili vya Dunia. Hatuwezi kuwadanganya wasomaji kwamba nambari nyepesi huleta amani. Tunachoweza kusema ni kidogo zaidi: lugha inayoachiwa watu hupata nafasi ya kuishi, na inayofungiwa na mwenyewe hufa naye.

Mvulana hakujibu kitu. Alichukua kifutio akajaribu kulifuta jina lake juu ya daftari, lakini kalamu nyekundu haifutiki. Dada yake akachukua kalamu ile ile akaandika jina lake chini ya la kaka yake.

Saba ya Bibi

Nambari mpya ziliandikwa jioni ile, kila moja na sauti yake, na kila moja ilijaribiwa kwa tende kupitia ukuta wa jikoni. Ya sita na ya tisa zilibadilishwa mara mbili. Walipofika saba, mvulana alimwendea Bibi akamwuliza kwa Kiswahili, taratibu, kama mtu anayevuka barabara: "Bibi, lile neno lako la harusi, tunaweza kulitumia?"

"Fungate?" aliuliza Bibi. "Litumieni. Si langu peke yangu."

Basi katika lugha ile ya siri, iliyoundwa ili Bibi asifahamu kitu, saba ni fungate. Tuliwauliza watoto kama hawaogopi kwamba sasa Bibi atawafahamu. Msichana akasema atafahamu saba tu.

Tumelifikiria jambo hili tangu siku ile. Sisi tunaoishi ugenini tunalalamika kila siku kwamba watoto wanakiacha Kiswahili. Lakini wengi wetu, tukijumlisha bei dukani au tukisoma namba ya simu, tunahesabu kwa Kiingereza au Kiarabu mbele ya watoto hao hao. Hatukuwahi kuwaeleza kwa nini wiki ina tano mbili, au kwa nini saa moja ya Bibi ni saa saba ya skuli. Tunadhani hayo hayana maana. Watoto wawili wenye daftari walihitaji kuyajua ili waendelee na mchezo wao, na Bibi ndiye aliyekuwa na majibu mengi kuliko sote.

Tulipoaga usiku, Bibi alikuwa amekaa sakafuni katikati ya wajukuu wake, akiwafundisha kinyume. Walikuwa wakimcheka kwa sababu alikuwa na kasi, nao hawakuweza kumfuata.

Tungependa kusikia kutoka kwa wasomaji wetu. Kwenu Mombasa, Kigoma, Lubumbashi, Ngazija, Dubai au London, wazee wenu walihesabuje? Je, kuna anayesikia kenda au tandatu nyumbani mpaka leo? Tuandikieni, na kama mna watoto karibu, waulizeni wao kwanza.